Ndoana Ndani ya Joho la Kwaya

Jamani, hii habari nimechoka kuisikia midomoni mwa watu, maana kila anayeisimulia anaongeza lake (juzi sokoni Soni mama mmoja asiyenifahamu alinihadithia mimi mwenyewe, akasema huyo fundi alinasana na mchungaji, jambo ambalo si kweli hata kidogo), kwa hiyo acheni niiseme mwenyewe na aibu yangu yote, halafu mniache nipumzike.

Mimi ni fundi cherehani, nina mashine moja hapo kibarazani Soni, watu wananiita Mama Neema. Nashona sare za shule, magauni ya ubarikio, viraka, zipu zilizokufa. Na nina kazi ya pili, ambayo ndiyo iliyoniponza. Kuna mzee wetu mmoja wa kanisani, Mzee Titus, anatunza bwawa la shamba la zamani njia ya Shume, ana pia boti ndogo ya faiba, na humo bwawani kuna samaki wanaitwa besi, mdomo wake mpana unaweza kuingiza ngumi. Wageni hutoka Arusha na Dar kuja kuwavua, wanakaa ndani ya boti kutwa nzima, wakimpata wanampiga picha na kumrudisha majini (hilo mpaka leo sijalielewa, na nimeacha kuuliza). Sasa besi hataki minyoo, anataka kitu kinachotembea kama chura au kisamaki, kwa hiyo wanamtengenezea chambo cha kumdanganya: ndoana, chubwi ya risasi ya kukizamisha, manyoya ya jogoo, na utepe mwembamba wa kitambaa kinachong'aa ambao ukivutwa majini unafunguka na kujifunga. Mzee Titus aliona mabaki ya satini chini ya mashine yangu, akaniuliza, mwanangu, huwezi kunifungia hivi vitu? Nikasema naweza. Mikono yangu imezoea uzi.

Alinifundisha kwa uvumilivu sana yule mzee. Uzi upakwe nta ya mshumaa. Fundo ulilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana fundo kavu linajikata lenyewe. Ncha ya ndoana uijaribu juu ya ukucha, ikiteleza ni butu, ikikwama ni kali. Na sheria yake kubwa, ambayo huirudia kama anakufundisha katekisimu, ni kwamba ndoana isitembee kichwa wazi: kila ncha uivishe kofia, kipande cha mrija wa soda, na kama ndoana ni ya ncha tatu basi ni kofia tatu.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimechoka. Sikukuu ya mavuno ilikuwa kesho yake, nusu ya Soni ilitaka nguo zake siku hiyo hiyo, na Mzee Titus alikuwa na wageni wa Jumapili mchana wanaongoja chambo dazeni moja. Nikazifunga zote kumi na mbili, ndoana za ncha tatu, nikazitazama, nikahesabu kofia thelathini na sita za kukata kwa mkasi, mgongo wangu ukakataa. Nikasema moyoni, ah, si ni kumpa tu mkononi baada ya ibada? Nikazitia kwenye bahasha ya kaki. Hapo ndipo penyewe.

Asubuhi kulikuwa na ukungu na manyunyu kama kawaida yetu, blauzi yangu ya kanisani ilikuwa haijakauka tangu Alhamisi, nikasema joho la kwaya litafunika, nikavaa ndani fulana ya kampeni ya mgombea udiwani. Joho halina mfuko, kwa hiyo bahasha nikaibana kwa pini ndani ya mkono wa joho, ile mikono mipana ya zambarau niliyoishona mwenyewe. Nikapanda kilima hadi kanisani, manyunyu yananilowesha, na bahasha inalowa, mimi sina habari.

Lazima niwaambie kuhusu Mama Eliya. Anauza kabichi sokoni, ana sauti ya pili nzito inayobeba kwaya nzima, na kwenye mstari tunasimama bega kwa bega. Tulikuwa hatusemeshani, na huo ulikuwa mwezi wa tano. Siku nilipokabidhi majoho mapya aliinua mkono mbele ya watu wote akasema, "Fundi, mbona kwapa zinabana hivi? Umetupimia watoto wa shule ya Jumapili?" Na mimi, kwa ulimi wangu huu, nikamjibu, "Kitambaa hakijapungua, mama. Ni wewe umeongezeka." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo salamu yetu ikawa ya kutikisa kichwa, na usharika mzima ukajua.

Basi, wimbo wetu wa mavuno una ishara, na kwenye ubeti wa pili kila mwanakwaya anaweka mkono wa kulia begani kwa mwenzake kuonyesha upendo. Mwalimu Joeli, mwalimu wetu wa kwaya, ndiye aliyeitunga hiyo ishara, na nadhani alitutazama sisi wawili alipoitunga. Nikaweka mkono begani kwa Mama Eliya. Bahasha ikapasuka ndani ya mkono wa joho. Nikasikia kitu kinateleza, ubeti ukaisha, ishirini na moja wakashusha mikono, wa kwangu haukushuka.

"Toa mkono," akaninong'oneza, macho mbele.

"Hautoki."

"Hautoki vipi?"

"Umenasa. Usivute."

Akavuta. Ncha moja ilikuwa kwenye mkono wa joho langu, nyingine ikapita joho lake na kuingia nyama ya bega. Akatoa sauti ambayo haikuwamo kwenye wimbo. Ishara ya ubeti wa tatu ni kugeuka kushoto, akageuka, nikageuka naye, kulia, nikamfuata, nimemkumbatia kama mgonjwa wa malaria. Mwalimu Joeli akasogea akasema huku ameuma meno, "Vua joho, Mama Neema." Nitavuaje? Mgombea wa kwenye fulana yangu alishindwa, na aliyemshinda alikuwa amekaa benchi la mbele, mgeni wa heshima wa mnada wa mavuno baada ya ibada.

Halafu mama mmoja kule nyuma akapiga kigelegele. Mnaelewa? Waliona nimemkumbatia Mama Eliya na nimekataa kumwachia. Walidhani tumepatana! Vigelegele vikajibu kutoka upande wa akina mama, wazee wakapiga makofi, na Mchungaji akashika kipaza sauti, macho yamemlowa, akasema, "Wapendwa, mnaona? Mavuno siyo kabichi peke yake."

Nilitamani sakafu inimeze. Mama Eliya naye, jasho linamtoka, akanong'ona, "Tabasamu basi, tumalize." Tukatabasamu. Mimi nilidhani hapo ndipo mwisho wa aibu.

Kwaya ikaanza kutembea kwenda mbele kutoa mavuno yetu, na meza ya mavuno ilikuwa imejaa mpaka kingoni: plamu kwenye masinia, mapeasi, karoti, trei za mayai, kabichi zimepangwa kama mnara, jogoo kafungwa mguuni, na juu ya meza kitambaa cheupe cha vishimo walichofuma akina mama wenyewe. Tukapita kwa ubavu, mimi na mwenzangu tumeshikamana, na chambo kingine kilichokuwa kinaning'inia kwenye mkono wangu kikauma kile kitambaa. Sikujua. Nilipiga hatua mbili. Hatua ya tatu niliisikia nyuma yangu kwanza kama mvua, kumbe ni plamu, halafu kabichi, moja moja, tu, tu, tu, kwenye ngazi za madhabahu, halafu mayai, na hayo hayakuwa na mlio wa kuelezea. Jogoo akaruka akakaa juu ya kinanda. Plamu zikafika hadi mlangoni.

Mchungaji akanisogelea na kipaza sauti hajakizima.

"Mama Neema, kuna nini?"

"Nimenasa, Mchungaji," nikasema, na spika zote mbili zikalitangaza hilo mpaka barabarani.

Hapo Mzee Titus akainuka. Alikuja mbio kadiri miguu yake inavyomruhusu, anakanyaga plamu, anapiga kelele, "Msivute! Msivute! Ndoana ina kijino nyuma, ukivuta kinazama!" Nikamwamkia, maana hata katika hali ile ningefanyaje, "Shikamoo Mzee," akaitikia marahaba huku anavaa miwani, akakitoa kwenye kitambaa cha meza kile chambo cha pili, akakigeuzageuza, na bwana, mzee wa watu akasahau yuko wapi. Akakiinua juu mbele ya usharika. "Nimesema mara ngapi kila ndoana ivae kofia? Ni sawa na boti, ukilaza boti bila kutoa kizibo cha maji ili ikauke, mbao za sakafu yake zinaoza na wewe unacheka tu. Lakini kazi ni nzuri, tusidanganyane. Tazameni utepe huu. Hii zambarau besi wanaipenda kuliko rangi zote!"

"Mzee Titus, tuendelee na ibada," akasema Mchungaji.

Lakini watu walishatazama. Chambo kilikuwa kinang'aa pale juu, zambarau, na nyuma yake wamesimama wanakwaya ishirini na wawili, zambarau. Mama Eliya aliangalia chambo. Akaangalia mkono wa joho lake. Akasema polepole, na kipaza sauti bado kilikuwa karibu, "Hiki ni kitambaa chetu."

Walitupeleka ofisini kwa Mchungaji, sisi wawili na Mzee Titus. Upande wa joho langu mzee alimaliza kwa mkasi. Ile ya begani, akasema, inatoka bila kupasua nyama: unapitisha uzi imara kwenye mkunjo wa ndoana, mtu mmoja anagandamiza shina lake chini ili kile kijino kilegee, mwingine anavuta uzi kwa ghafla, kuelekea nyuma. Ila macho yake hayakuuona uzi. Atagandamiza yeye. Nitavuta mimi.

Mama Eliya alikuwa ameinama juu ya meza, uso kwenye mikono.

"Ni wewe utavuta?"

"Ni mimi."

"Kabla hujavuta, niambie kweli. Zile kwapa."

Mzee Titus akajifanya anatazama kalenda ukutani. Ningeweza kusema kila fundi hubakiza vipande, na ni kweli, hakuna fundi asiyebakiza. Lakini nilikuwa nimechoka hata kusema uongo.

"Nilizibana," nikasema. "Kila joho nilipunguza vidole viwili chini ya kwapa. Nilitaka mabaki yawe marefu, ya kufungia chambo."

Aliinua uso kutoka kwenye mikono. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo, "Miezi mitano nakula mlo mmoja kwa siku, Mama Neema. Nabeba kabichi sokoni na njaa. Nilidhani ni mimi."

Na mimi ndiye niliyewachekesha watu siku ile.

"Vuta," akasema.

Nikavuta. Ilitoka kama alivyosema Mzee, mara moja, tone moja la damu. Jumatatu nilimsindikiza zahanati akachomwa sindano ya pepopunda, tukaenda na kurudi bila mazungumzo, na sikumlazimisha.

Alhamisi ya mazoezi nilisimama mbele ya kwaya nikakiri, kila kitu, vidole viwili vyote. Hakuna aliyecheka. Nikachukua majoho yote nyumbani, nikafumua kwapa zote, nikaenda Lushoto na Mombo kutafuta kitambaa kile kile, hakikuwepo, nikapata zambarau nyingine iliyokoza kidogo, basi nikaweka hiyo. Viraka arobaini na vinne. Ukikaa kanisani huvioni, mpaka ufike ule wimbo wenye kuinua mikono, hapo kwaya nzima inainua na usharika mzima unasoma habari yangu, na Mama Eliya ndiye anayeinua juu kuliko wote.

Ananisalimia siku hizi, kwa sauti, siyo kwa kichwa. Chai kwangu bado hajaja kunywa. Nimemkaribisha mara tatu, anasema atakuja, na mimi namwambia hakuna haraka. Chambo nafunga bado, maana wageni wa Mzee wanakuja tu, ila nawafungia kwa kanga zangu mwenyewe zilizochakaa, na mzee analalamika kwamba besi hawapendi maua. Watazoea. Mimi sitakata tena nguo ya mtu huku akili yangu iko kwenye mabaki, na mteja akiniambia panabana, sitamjibu kitu, nitaenda kuchukua futi nimpime upya.