Hodi ya Mtunza Stoo

Mtunza stoo za kukodi hunukia grisi. Kila asubuhi huzipaka kufuli zote kwa kidole, taratibu, kama anayemkanda bibi yake magoti, kisha huburuta ndara koridoni akivuta pua kutafuta unyevu. Kinachochekesha ni hodi yake. Hafungui chumba bila kubisha, ingawa ndani mna makabati na magodoro tu. Nilimcheka chinichini siku nilipoleta vyombo vyangu, mafundi walipoezua paa langu nikahamia kwa wifi. Huko kwa wifi nilikuwa nikinyata kama paka, hata kikombe nakiombea ruhusa. Jana, nyumba imekamilika, nikaenda kuchukua vitu vyangu. Akashika kufuli, akabisha.

"Hodi."

Akasubiri.

"Fungua tu, kaka, hamna mtu humo."

Akanigeukia. "Si upo wewe, dada? Mwenyewe asiponikaribisha, nitaingiaje?"

Miezi yote ile kwa wifi hakuna aliyenibishia hodi. Mabega yakashuka yenyewe.

"Karibu," nikasema. Nikaona haitoshi, nikarudia kwa sauti ya mwenye nyumba, "Karibu ndani."