Mstari wa Watu Sitini na Mmoja

Watu sitini na mmoja walisimama nyuma ya Yuliana mchana kweupe, na mwenyekiti wa mtaa akawafuta wote kwa kicheko kimoja. Huo ndio ubaya aliotendewa. Hakupigwa, hakutukanwa, wala hakuibiwa kuku. Alichekewa tu, na kwa kicheko hicho daraja lake likageuka ofisi ya mtu mwingine.

Yuliana, ambaye watu wa mtaa wa Bigwa humwita Mama Ester kwa jina la binti yake wa pekee, alizaliwa mlimani upande wa Mgeta, akateremka huku chini angali mgongoni mwa mama yake. Shule aliiona kwa nje, alipokuwa akipita na kuni. Shamba lake la migomba, na nyumba yake humo humo, liko ng'ambo ya kijito, palepale mlima unapoanzia, na ni lake kweli, kwa sababu kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Mume alikuwa naye. Miaka ile ya ruksa, nguo za nje zilipojaa na kiwanda cha nguo kilipoanza kupunguza watu, mume akapunguzwa. Alipofika nyumbani naye akampunguza mke. Akaenda Dumila kuuza mitumba kando ya barabara kuu, na mpaka leo hajapata basi la kumrudisha, ingawa siku hizi mabasi yanagombania abiria.

Basi Mama Ester akaishi kwa ndizi. Kila alfajiri hujitwika tenga, huvuka kijito kwa kukanyaga mawe, akaenda kuuza mjini. Kiangazi kijito hicho bata wenyewe hukidharau. Masika kikishanywa mvua ya mlimani, hakimjui mtu. Miezi miwili kila mwaka ndizi humwivia ndani: hula yeye, hula Ester, hula mbuzi wa jirani, mpaka mbuzi naye akaanza kugeuza shingo. Masika moja alijaribu kuvuka kwa ubishi. Yeye alitoka majini. Tenga halikutoka.

Mwaka uliofuata akaja bwana maendeleo kwa pikipiki, na habari kwamba mtaa umepewa fedha za mradi mmoja, na safari hii wananchi watachagua wenyewe. Watu wakatazamana. Walikuwa wamezoea kuchaguliwa mradi, wakauchimbia msingi, kisha wakauacha uote majani. Utaratibu ulikuwa mwepesi: mwenye pendekezo asimame uwanjani, wanaomuunga mkono wajipange nyuma yake, karani ahesabu vichwa.

Walisimama watatu. Arif mwenye duka alitaka mtaro wa barabara, maana kila mvua ikinyesha maji yaliingia dukani kuonja sukari. Athanas, mwenyekiti, alitaka ofisi ya mtaa, kwa kuwa mhuri wa serikali ulikuwa ukilala chumbani mwake chini ya mto, na mkewe alikuwa amechoka kuamshwa na watu wanaotaka barua. Mama Ester alitaka daraja la waenda kwa miguu.

Sasa huyo Athanas ni Mnyamwezi wa Tabora, aliyekuja na kazi ya reli akanogewa. Na Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu babu zao walipopishana njiani na mizigo ya misafara. Miaka kumi yeye na Mama Ester hawakuwahi kusalimiana kama watu. Yeye humwambia kwamba Waluguru wana mguu mmoja mfupi kwa kulima mteremko. Mwanamke naye humwambia ageuke kidogo, watu waone shingo ilivyozama kwa kupagaa. Mtaa mzima uliyala maneno yao kama kitoweo.

Siku ile Mama Ester angesimama kimya, kama mtu aliyeitwa mahakamani, huenda habari hii isingekuwapo. Lakini alimwona Athanas amevaa tai, na ulimi ukamwasha. Akatangaza kwamba wanaopenda kukaa waende kwa yule mpagazi, leo ametua mzigo. Wanaopenda kuvuka waje huku kwenye mguu mfupi. Watu wakacheka, wakaja. Vinywa vyao vilicheka, lakini miguu yao haikucheka. Walikuja wa ng'ambo wote, akaja katekista, akaja muuza maziwa, wakaja akina mama waliowahi kuvusha watoto kwa kuwarushiana kama maboga. Evance, karani wa mtaa, akahesabu kwa kugusa mabega. Mtaro watu tisa, wengi wao wakopaji wa Arif. Ofisi thelathini na wanne. Daraja sitini na mmoja. Wakati huo wingu lilikuwa limeshuka mlimani, bwana maendeleo akawasha pikipiki kabla mvua haijamkuta, akamwachia Evance daftari.

Baada ya wiki tatu matofali yakamwagwa karibu na nyumba ya mwenyekiti. Mama Ester akauliza ya nini, akaambiwa ya ofisi. Akaenda kwa Evance, akamwomba amsomee walichoandika siku ile. Kijana akafungua daftari, akasoma huku sauti ikimpungua: pendekezo la daraja lilitolewa kwa utani, wananchi wakafurahi, mradi uliopitishwa ni ofisi. Mama Ester akamuuliza kama si yeye aliyehesabu. Akakiri ni yeye. Akamuuliza alipata wangapi. Evance akamwamkia shikamoo mara ya pili.

Akamkuta Athanas kwenye baraza ya duka la Arif, na watu wamejaa.

"Mtani, mstari wangu umeupeleka wapi?"

"Upi, ule wa kicheko? Ulikwenda na mvua."

"Walikuwa watu sitini na mmoja."

"Walikuwa watazamaji sitini na mmoja. Mtani akisimama, watu humfuata wacheke. Serikali haijengi kicheko, mtani wangu."

Baraza ikaangua kicheko, isipokuwa Arif, aliyeendelea kupima mchele. Hapo ndipo palipomuuma Mama Ester. Kwa maana sheria ya utani inajulikana: anayenuna ndiye aliyeshindwa. Angelia, wangesema Waluguru siku hizi wamekuwa mayai. Angeshitaki, angeulizwa tangu lini mtani akamshitaki mtani. Basi naye akacheka. Alicheka njia nzima, akavuka mawe akicheka, na alipofika nyuma ya jiko lake, ambapo hapana mtu, uso ukafanya ulivyotaka.

Ofisi ilichukua miezi minne. Ikapakwa chokaa, ikawekwa mlango wa buluu, na ndani kikaingia kiti cha mninga chenye mikono miwili, kilichochongwa mjini kwa maelekezo ya Athanas mwenyewe. Siku ya ufunguzi kulikuwa na pilau na soda. Devotha, jirani yake Mama Ester, alisema wao wa ng'ambo wasiende. Mama Ester akamjibu kwamba sherehe ni yao, wamejipanga mstari kuipata, akafunga kanga yake nzuri.

Kiti kilikuwa kimetolewa nje ili mwenyekiti akikalie mbele ya wageni. Shehe akaomba dua, katekista akasali, Athanas akainuka kumshika mkono mgeni rasmi. Hakurudi kukaa. Mama Ester alikuwa ameshaweka ngata kichwani, ameinama, na kiti kimepanda juu yake.

"Nimeteka," akasema, wala hakupaza sauti. "Mwenye kiti akitaka, aje akikomboe."

Watu wote waliokuwapo walijua maana yake. Mtani huchukua kitu chako mbele ya macho ya watu, nawe hukikomboa kwa anachotaka yeye, hapaitwi polisi. Athanas mwenyewe, siku ya maziko ya mama yake Yuliana, aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na jogoo akapewa. Leo angesema huu si utani, angelazimika kueleza ule wa uwanjani ulikuwa utani wa namna gani. Shehe ndiye aliyecheka kwanza. Mgeni rasmi akafuata. Athanas alicheka kuliko wote, midomo ikiwa mikavu.

Devotha akatangulia kufungua njia, akisema mpisheni mpagazi. Kiti kikavuka mawe, kikawekwa kibarazani kwa Mama Ester. Kuku walikijaribu kwanza. Kisha akakikalia yeye, akimenya ndizi, akaona kweli serikali inajua kutunza mgongo.

Athanas akaleta kuku wa kukombolea. Mama Ester akamla, akapeleka salamu kwamba huyo amekuwa chakula cha kiti. Akaleta doti ya kanga. Akaivaa, akapita nayo mbele ya ofisi. Mwenyekiti alikuwa akikalia kreti ya soda aliyoazimwa na Arif, na waliofuata barua walizungumza naye wakitazama chini kama wanaongea na mtoto. Kiti kingine hakuthubutu kununua, kwa sababu anayenunua badala ya kilichotekwa amekubali kwamba hakiwezi kukombolewa.

Masika yakaingia. Jumamosi moja akaja mwenyewe, amekunja suruali mpaka magotini, akasimama ukingoni. Ng'ambo ya pili Mama Ester amekaa kitini, maji kati yao yakipita na mgomba mzima.

"Mtani, nimefuata kiti."

"Hiki hapa. Vuka."

Athanas akayatazama maji, akayatazama mawe ambayo hayakuonekana. "Sasa nitavukaje?"

"Hilo niliuliza mimi mwaka jana, uwanjani. Ukaniandikia kwamba watu walifurahi."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi Athanas akamwita kwa jina. "Yuliana, nimekuelewa."

"Nashukuru, mtani. Lakini kuelewa hakuvushi tenga."

Mvua zilipopungua alikuja na vijana wanne, wakalaza magogo mawili ya mkaratusi juu ya maji. Mtu anaweza kupita na tenga kichwani, ikiwa hakuna upepo na amesali vizuri. Mama Ester hakukataa. Kwa ajili ya magogo hayo amemruhusu mwenyekiti aje Jumapili baada ya misa, akalie kiti chake, ale ndizi, kisha arudi kwa miguu.

Lakini deni halijaisha. Athanas, mwenyekiti wa mtaa, anadaiwa daraja la zege lenye vishikio pande zote mbili, lililochaguliwa na watu sitini na mmoja. Na Evance, karani wake, anadaiwa ukurasa mmoja wa daftari, uandikwe upya, neno utani litoke na hesabu aliyoihesabu kwa mkono wake iingie.