Paka Wetu Alianguka kwa Sindano, na Sasa Baba Anataka Kufunga

Msomaji huyu wa Pemba ametuomba tumstiri jina. Maneno ni yake mwenyewe. — Mhariri

Masheikh na maulamaa wetu kwanza. Kisha wazee wetu wa kiume na wa kike. Kisha walimu wenzangu. Na ninyi vijana ambao aghalabu ndio mnaowasomea wakubwa ukurasa huu barazani: Assalamu alaykum. Nina umri wa miaka thelathini na mbili, mjane, mwalimu wa skuli ya wasichana. Naishi karibu na Chake Chake pamoja na baba yangu na shangazi yangu, na nawaandikia nikiwa na hofu ambayo sijapata kuijua.

Baba anaugua kisukari. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemchoma insulini, kama nilivyofundishwa hospitali. Mwaka jana paka wake, aitwaye Kanzu kwa weupe wake, alianza kunywa maji bila kiasi na kukonda huku akila. Alipokojoa uani, sisimizi walijaa. Daktari wa wanyama, aliyekuja mtaani kwa ajili ya ng'ombe, akasema ni sukari. Akatupatia dawa ya sindano ya Kanzu peke yake, akanionya: "Mwalimu, kwanza umwone amekula, ndipo umchome. Asipokula, usichome."

Baba alicheka. "Huyu sasa ni ndugu yangu," alisema. "Sukari kanirithi miye, ulafi kajirithi mwenyewe."

Tulikwenda salama hadi siku ya Miraji iliyopita. Mimi na Shangazi tulifunga; Baba alikuwa na homa, hakufunga. Alfajiri, jikoni bado kuna giza, nilimwona Kanzu ameinamia bakuli. Nikaridhika kuwa anakula, nikamchoma kipimo chake cha kila siku, nikasali, nikajilaza. Siku nyingine asubuhi huwa tunapara samaki, naye hupata vichwa. Siku ile samaki alikuwa wa futari, hakuletwa hadi alasiri, na jiko halikuwashwa. Baba alikula muhogo uliobaki wa daku.

Kabla ya adhuhuri Shangazi alipiga kelele: "Njoo we! Paka kalewa!"

Nilimkuta Kanzu anayumba, miguu ya nyuma haimbebi. Akaanguka ubavu, akatetemeka mwili mzima, macho wazi lakini haoni. Nilimwita, hakugeuza hata sikio. Nikatazama mabakuli: la samaki wa jana halikuguswa. Aliloliinamia alfajiri lilikuwa la maji; sindano imemshusha sukari akiwa na njaa.

"Asali, Shangazi!"

"Asali ya futari?"

"Lete, atakufa!"

Nilimpaka ufizini kwa kidole, kidogo kidogo asije akapaliwa, huku nikisoma kila dua niliyoijua. Mwishowe ulimi ulitoka, akalamba. Akainua kichwa, akalia kwa sauti ya paka mchanga. Alipoweza kumeza vizuri, nilimpa samaki wake.

Baada ya hapo nilishindwa kushika sindano ya Kanzu. Nilipoacha kumchoma, kiu ilirudi na sisimizi wakarudi. Sasa namlisha kwanza, namtazama hadi ameze, kisha namchoma. Na nimempelekea daktari salamu aje aone kama kipimo kipunguzwe. Ya Kanzu nimeyapatia njia.

Ya Baba ndiyo yanayonitisha, maana ameshikilia kufunga Ramadhani. Aliyaona yote, amekaa kitandani pake. Jioni nilimwambia, "Baba, ulichokiona ndicho kitakachokupata ukifunga Ramadhani nami nimekuchoma."

"Weye mwanangu unanilinganisha na paka? Paka hana nia. Miye nna nia, na nia itanishika."

"Nisipokuchoma nako, sukari itapanda."

"Basi nichome, nifunge, uone."

"Nione nini, Baba? Nimeshaona."

Shangazi akaingilia: "Kaka, ukaidi wako utatuletea kilio."

"Nyamaza nawe. Yakuuma kwa kuwa asali yako imeliwa na paka."

Akacheka peke yake. Mimi sikuweza, maana nilipomtazama usoni niliyaona macho ya Kanzu, yaliyo wazi na yasiyoona. Hospitali walikwisha kumkataza kufunga. Alijibu kwamba dini hafundishwi na daktari.

Nishaurini, wakubwa wangu. Nimchome aliyefunga, aanguke mikononi mwangu? Au nimwache, sukari immalize? Nimekwisha kukata shauri, na nalitangaza mbele yenu: sindano yangu haitamgusa mwenye tumbo tupu, awe paka, awe baba aliyenizaa. Asubuhi ya kwanza ya Ramadhani nitamsimamia na bakuli la uji, na asipolipokea sitamchoma. Lakini shauri hilo peke yake halimwokoi. Lililobaki ni lenu. Jina nimelificha, ila Pemba hii sidhani kama yuko mwingine mwenye paka wa sindano, nanyi mnaokaa naye barazani mmekwisha kumtambua. Nendeni kwake kabla mwezi haujaandama, masheikh wakitangulia, mkamweleze ruhusa ya kutofunga aliyopewa mgonjwa. Mimi ni binti yake, hanisikii. Ninyi atawasikia.