Nyasi za Kitulo na Heshima ya Mkwe

Tangu utotoni Kisa alikuwa mtu wa kuuliza. Kule Mwaya, wenzake wakipandikiza mpunga huku wakiimba, yeye alitaka kujua kwa nini maji ya jaruba hili ni ya vuguvugu na ya lile ni baridi. Bibi yake alichoka. "Mjukuu wangu, mambo mengine yaache yakae." Hayakukaa. Alipoolewa Njisi alimkuta mumewe, Ezra, ana pikipiki ya kubebea kakao, na kabla harusi haijasahaulika alishaifungua kabureta aone petroli inapita wapi. Ezra akaona heri amfundishe kuendesha kuliko kuokota skrubu kila jioni.

Basi akawa dereva. Kijiweni walimwita Mama Gia, mwanzoni kwa kejeli, baadaye kwa mazoea. Lakini kila alipokwenda ufukweni Matema alitazama juu, kwenye safu ya milima inayoziba anga, akajiuliza huko mgongoni kuna nini. Watu walisema kuna Kitulo, hifadhi ya maua, uwanda mkubwa usio na miti. Kisa hakuwa amemwona mtu wa kumweleza vizuri. Kwa hiyo wageni walipoanza kuuliza nani angeweza kuwaongoza hadi huko kwa pikipiki zenye matairi ya meno, alisema "mimi" kabla hawajamaliza swali. Aliwataka wenzake wawili wa kijiweni, Jubilate na Vitus, wawe naye.

Kuongoza wageni, hata hivyo, hakukuwa jambo la kujiamulia. Askari mmoja wa hifadhi angepanda nao kwanza, atazame wanavyoendesha, ndipo aseme ndiyo au hapana. Aliitwa Eufrasia, mwenyeji wa Bukoba, na baridi ya milimani ilikuwa haijamzoea. Walikutana kwenye njia panda ya Isyonje, amejifunga skafu mbili.

"Neno langu ni moja," alisema. "Msitoke njiani. Hata gurudumu moja."

"Na tukikutana na lori?" Jubilate akauliza.

"Hata ukikutana na harusi yako."

Wakapanda, Kisa mbele, Eufrasia nyuma kabisa kwenye pikipiki yake. Walipofika juu, Kisa alipunguza mwendo bila kujua. Nyasi zilikwenda mpaka macho yakachoka. Katikati ya nyasi yalisimama maua ya njano na ya zambarau, mengine madogo kama kifungo cha shati, na hakuna aliyeyapanda. Aliamua hapo hapo kwamba lazima arudi, masika na kiangazi, ayaone yote. Na njia ya kurudi ilikuwa kibali cha Eufrasia.

Ndipo kwenye kona akatokea mzee. Koti refu jeusi, fimbo kwapani, bega la kushoto limeinama kidogo. Baba mkwe! Kwa Wanyakyusa mke hapishani na baba mkwe wake njiani. Hamtazami usoni, hamsemeshi, hata jina lake halitaji. Akimwona anakuja, huiacha njia, huingia majanini na kumpa mgongo hadi apite. Wengi siku hizi wameilegeza mila hiyo. Kwa akina Ezra haikulegezwa. Mikono ya Kisa ikatangulia akili: alikata usukani, akatumbukia kwenye nyasi, akaenda mbali, akageuza mgongo. Jubilate na Vitus, kama inavyofanyika kwenye vijia vya kwao Kyela aliyetangulia akikwepa, wakamfuata bila kuuliza.

Mzee alibaki amesimama peke yake barabarani.

"Jamani! Mimi nauza viazi tu!" akapaza sauti. "Siumi!"

Kisa akageuka. Alikuwa mtu asiyemjua kabisa.

Jubilate alicheka nusura aanguke na pikipiki. "Mama Gia, umemkimbia mkwe wa watu!"

Eufrasia hakucheka. "Nani kawaambia mtoke?"

Kisa akaeleza. Eufrasia alisikiliza, mdomo wazi. "Hata salamu?"

"Hata salamu, dada. Na hizi alama zisikutie wasiwasi. Kwetu mvua moja tu ya masika inazifuta."

"Njoo uone."

Akamwonyesha mistari miwili mirefu kandoni mwa njia. Gari fulani liliwahi kupita pale. "Nilipohamishiwa huku niliikuta. Nikihamishwa nitaiacha."

Kisa akachuchumaa, akagusa. Udongo ulikuwa mweusi, baridi, laini kama sponji. Ndani ya mistari hapakuwa na jani, na maji ya mvua yalikuwa yameanza kuchimba humo kijito.

"Mbona nyasi hazioti?"

"Baridi. Huku kila kitu huota polepole. Na chini kuna mizizi minene ya maua, kama viazi vidogo, inalala kiangazi kizima. Ukiikandamiza hailii. Mvua ikija, ua halionekani, basi."

Kisa aliitazama alama yake mwenyewe, mbichi, shina lililovunjika linatoa utomvu. Maisha yake yote alitamani kujua huku juu kuna nini, na jambo lake la kwanza lilikuwa kupakanyaga.

"Leo siwezi kusema ndiyo," Eufrasia akasema. "Mje tena mwishoni mwa kiangazi, mara ya mwisho. Lakini fikiri: mkwe akitokea kweli, utafanyaje?"

Kisa akaondoka na swali hilo. Aliporudi Njisi alikwenda kwa mama mkwe wake, Elizabeth, aliyekuwa jikoni akimenya ndizi. Baba mkwe alikuwa chumba cha pili, mlango umeegeshwa.

"Mama, naomba umuulize baba. Nikikutana naye Kitulo, na kutoka njiani ni marufuku, nimheshimuje?"

Elizabeth akageuza shingo. "Baba Ezra, umesikia?"

"Sijasikia," ukuta ukajibu. "Na mwambie huyo asiyekuwepo kwamba Kitulo sina safari. Kwa miguu hii?"

"Anasema kama ungekuwa nayo."

Kikohozi. "Basi asimame. Kinachonikera ni macho, na kelele za hilo dude. Alizime. Kwani hana nguo ya kujifunika?"

Kisa aliitazama helmeti iliyokuwa mapajani, yenye kioo cheusi. Akaivaa, akashusha kioo. "Hivi, mama?"

Elizabeth alicheka mpaka kisu kikaanguka. "Baba Ezra, mkamwana wako amekuwa nzi!"

"Anaonekana?"

"Hata pua."

"Basi inatosha."

Kiangazi kilipokaribia kwisha, kwenye uwanda ule ule, walikutana na kundi la wazee wakitoka msibani, wameijaza njia. Kisa akainua mkono. Akasimama ukingoni, magurudumu yote mawili ndani ya njia, akazima injini, akashusha kioo, akageuzia uso kilimani. Nyuma yake akasikia mnong'ono wa Jubilate.

"Vitus, shusha na wewe."

"Mimi mkamwana wa nani?"

"Shusha tu!"

Wazee wakapita mmoja mmoja. "Hawa ni polisi?" mmoja akauliza.

Eufrasia hakuwaangalia watu. Aliteremka akatembea kando ya njia, upande huu kisha ule, macho chini. Alikwenda hadi nyuma ya pikipiki ya mwisho, akarudi taratibu. Kisha akagonga kioo cha Kisa kwa kidole.

"Fungua. Wamekwisha pita."

"Na nyasi?"

"Zimesimama. Walete wageni wako."

"Ndaga fijo, asante sana, dada." Kisa akavua helmeti. Pembeni kulikuwa na chipukizi la kijani limetokeza kwenye udongo mkavu, na mvua hata haijaanza. "Hili limejuaje kwamba mvua inakuja?"

Eufrasia alikunja uso. "Sijui."

Wakachuchumaa wote wawili ukingoni, viatu ndani ya njia, wakainamisha vichwa kulitazama.