Mguu wa Kushoto wa Binti Yangu

Binti yangu wa tatu alizaliwa na alama nyeusi kwenye shavu la mguu wa kushoto. Mkunga aliyenizalisha kule Kisondela alidhani ni damu iliyoganda, akaisugua kwa kitambaa cha maji ya moto. Haikutoka. Mama mkwe akasema ni baka tu la kuzaliwa, baba wa mtoto naye analo begani. Nikaridhika.

Alipotimiza wiki tatu, katikati ya baka paliota kinundu kama punje ya kahawa. Wiki iliyofuata kilikuwa kikubwa kama kidole gumba changu, na kilitoa damu kila nguo ilipokigusa. Nikamfunga mgongoni, nikaenda hospitali ya Tukuyu kwa miguu, mvua ikinyesha njia nzima.

Daktari alikuwa kijana, mtu wa pwani kwa lafudhi yake. Alikitazama kinundu kwa muda mrefu, kisha akauliza baba wa mtoto yuko wapi.

"Yuko kwenye mkutano wa kuhamia kijiji cha ujamaa."

"Mwite, atie sahihi. Nadhani hii ni kansa, mama."

"Kansa si ya watu wazima?"

"Hata mimi ya mtoto mchanga nimeisoma tu kitabuni. Lazima nikate, na nikate sana. Nikiuonea huruma mguu, itarudi."

Mume wangu alikuja kesho yake, akatia sahihi.

Siku ya operesheni niliambiwa nisimnyonyeshe tangu alfajiri, asije akatapika na kupaliwa akiwa usingizini. Alilia kwa njaa. Maziwa yalinichuruzika mpaka gauni likalowa, naye akisikia harufu akawa anatafuta titi kwa kinywa. Mwishowe nilimpa muuguzi amshike, nikatoka nje nikakaa kwenye nyasi mbichi.

Alirudishwa mguu umefungwa bandeji. Daktari alikuwa amechuna ngozi ya paja la kulia, akazibia kidonda. Bandeji ilipofunguliwa, pale penye shavu la mguu palikuwa na bonde, lakini ngozi ilikuwa imeshika. Siku hiyo nilicheka.

Kipande cha nyama kilipelekwa Dar es Salaam kupimwa. Kabla majibu hayajafika, nilipokuwa namwogesha nyumbani, niligusa tezi kwenye kinena chake, ngumu kama kokoto. Tukarudi Tukuyu. Daktari akaipapasa, akanawa mikono, akakaa.

"Nikikata tena nitamtesa bure, mama. Kaa naye nyumbani."

"Ulisema ukikata sana haitarudi."

"Nilisema hivyo," akajibu. Hakujitetea. Nilimchukia miaka mingi kwa jibu lile.

Alikufa akiwa na miezi mitano, wiki chache baada ya sisi kuhamia kijiji kipya. Kule hapakuwa na kaburi hata moja. Balozi wa nyumba kumi akatuonyesha eneo lililotengwa kwa mazishi. Mume wangu, ambaye mikutanoni hakuwahi kupinga lolote, akamwambia, "Huyu anarudi nyumbani." Balozi akatuacha twende.

Tulimzika kwenye shamba letu la zamani, kati ya migomba, nyuma ya nyumba ambayo haikuwa na paa tena tangu tuhame. Mama mkwe ndiye aliyemvisha soksi za sufu. Ya kushoto ilipwaya, akaikunja mara mbili, akaifunga kwa uzi.