Nilimshuku shemeji kuhusu tarantula wangu waliopotea

Niaje wakuu. Hii ilinipata mwenyewe hapa Makongeni, na sitaficha hata pale nilipojiaibisha.

Mimi hufuga tarantula, wale buibui wa manyoya. Jamaa wa kazini mwenye kibali cha kuwafuga alinipa wanne wachanga, kila mmoja mwili kama punje ya dengu. Nikaweka kila mmoja kwa kikopo chake cha plastiki kwenye shelf ya sebuleni, nikatoboa vifuniko kwa msumari moto wapate hewa.

Wife, Mueni, alivumilia. Dadake Ndunge, aliyekuja kukaa kwetu akitafuta kazi Industrial Area, alikataa kabisa. Siku ya kwanza aliniuliza, "Shemeji, hawa huombewa wapi?"

Jumamosi moja nikakuta kikopo kimoja kitupu. Kifuniko kimefungwa vizuri.

Sasa buibui anatoka, halafu anafunga mlango? Zii.

Nikazungusha sellotape ukingoni mwa kila kifuniko, nikachora alama ya biro juu yake. (Chekeni tu.) Nikaanza kumchunguza Ndunge. Mbona anafagia sana upande wa shelf? Mbona siku hizi anaimba?

Jumatatu jioni, wa pili hayuko. Tape haijaguswa.

Badala ya kufikiria, nikalipuka. "Ndunge, sema ukweli. Umewatupa wapi?"

"Shemeji, mimi hata kikopo siwezi shika."

"Basi ni nani?"

Akaenda kupanga nguo kwa begi.

Mueni aliniangalia vile hajawahi. "Akitoka hapa kwa sababu ya wadudu, tutatoka wawili."

Nikageukia shelf, bado nimefura. Kwa kikopo cha tatu, miguu minne ilikuwa imechomoza kwa tundu la hewa. Mwili ukafuata pole pole, ukijibana, hadi wote ukatoka.

Wakuu, msumari wangu ulikuwa mnene kuliko buibui.

Nilimfunika na glasi, nikapitisha karatasi ngumu chini yake.

Wakati huo sauti ikatoka chumbani: "Shemeji, mtu wako huyu hapa kwa pazia." Ndunge alikuwa amesimama juu ya kitanda, begi mkononi.

Nilimwomba msamaha mbele ya dadake, bila kujitetea. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe. Lakini mmoja bado hajulikani aliko. Viatu vyangu utakuwa unakung'uta wewe."

Leo asubuhi nimekung'uta. Wiki ya tatu hii.

Kwa mnaofuga wachanga: toboa kwa pini, tundu liwe dogo kuliko kichwa chake. Fungua kikopo ndani ya beseni kubwa, na umsukume kwa brashi laini badala ya vidole. Akianguka kutoka juu anaweza kupasuka tumbo.

Na kabla hujamshuku mtu wa nyumba yako, kagua kwanza kazi ya mikono yako.

Kuna mwingine hapa amewahi kumwonea mtu hivi? Andika, nisikae na hii aibu peke yangu.