Mbwa Niliyekabidhiwa Al Warqa

Wengine husikia kisa hiki wakacheka, na mimi huwaacha wacheke. Mimi si mtu wa kuona majini kwenye kila kichaka. Nina diploma ya afya ya mifugo, nilikwenda Dubai kwa jasho langu, na nyumba hii ya mawe niliyoijenga hapa Kitale, yenye geti la nondo na vigae vyekundu, hakuna mjomba aliyenisaidia hata msumari. Nikikuambia nilizungumza na maiti, jua nilizungumza naye.

Nilianza kama mlinzi kwenye jengo moja la Al Nahda. Huko tulikuwa na sheria moja: huondoki kwenye lindo hadi mwenzako afike, umweleze kila kitu, naye aseme, "Nimepokea." Bila neno hilo lindo bado ni lako, hata ukiwa umelala chumbani kwako. Ishike sheria hiyo.

Diploma ndiyo iliyonitoa kwenye ulinzi. Madam mmoja Mhungaria, mwenye villa Al Warqa, alitaka mtu wa kumtunza mbwa wake, Borka. Alikuwa vizsla, mbwa wa kuwinda wa huko kwao: rangi ya kutu yenye dhahabu kuanzia pua hadi mkia, macho ya asali, mdomo mwepesi unaoweza kubeba yai lisipasuke. Akinusa ndege kichakani hakubweka. Aliganda, akanyoosha shingo na kuinua mguu mmoja wa mbele, kumwonyesha mwindaji windo liliko. Lakini sifa kubwa ya mbwa hawa ni kung'ang'ania. Huchagua mtu mmoja, wakamfuata hadi mlango wa choo, na mtu huyo akiondoka huvunjika moyo kama wajane.

Nilipofika, Borka alikuwa hali chakula. Madam aliniambia mtunzaji wa kwanza aliacha kazi ghafla. "Nipe siku tatu, madam," nikajigamba. Siku ya sita mbavu zilikuwa zinahesabika, na madam akasema mbwa akifa, visa yangu inafutwa. Dada Nakato, mpishi wetu Mganda, alinicheka jikoni: "Ee Mkenya, mpe hiyo diploma basi, labda ataila!"

Jioni hiyo, baada ya magharibi, lami ilipopoa kiasi cha kutomchoma nyayo, nilimtoa Borka hadi uwanja wa mchanga nyuma ya villa. Ghafla akaganda. Shingo mbele, mguu juu. Nikatafuta ndege. Ndege gani? Penye taa ya mwisho alisimama mwanamume aliyevaa jaketi zito la bluu, mwezi wa saba, joto la kuchemsha ubongo, na usoni hana tone la jasho.

"Wewe ndiye umechukua nafasi yangu?" akauliza, kwa lafudhi ya Kampala.

Niliogopa? Hapana, nilikasirika. "Na wewe ndiye uliyeondoka bila kukabidhi? Unajua ulivyonitesa?"

"Ndiyo maana nimekuja, kaka." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. "Hali kwenye bakuli. Mlishe kwa kiganja. Alale miguuni pako. Usimkemee, huyu neno moja kali hulibeba mwezi mzima. Na siku ya kuondoka, mkabidhi kwa mtu, mkono kwa mkono. Umepokea?"

"Nimepokea," nikajibu, kama nilivyozoea kwenye lindo.

Borka akashusha mguu. Niliinama kumkaza mkanda wa shingoni, na nilipoinuka, chini ya taa palikuwa na mchanga mtupu, bila hata unyayo.

Usiku huo alikula wali na kuku kiganjani mwangu. Nikamsimulia Nakato kwa majivuno. Sufuria ikamtoka mikononi.

"Jaketi la bluu? Zipu imekatika?"

"Ndiyo."

"Huyo ni Wasswa, mtunzaji aliyekutangulia. Moyo wake ulisimama akiwa amelala, chumba hichohicho unacholala wewe. Mimi mwenyewe nilisindikiza sanduku la maiti yake hadi uwanja wa ndege. Madam alitukataza kukuambia, usije ukakimbia."

Miaka miwili Borka alikuwa kivuli changu. Njiwa na kware aliwainulia mguu kila siku. Mtu hakumwinulia hata mara moja. Kisha nyumba yangu ya Kitale ikafika kwenye paa, nikaamua kurudi. Mtunzaji mpya alikuwa afike Jumapili, ndege yangu ilikuwa Ijumaa. Madam alikuwa radhi kunibadilishia tiketi. Mimi nilikataa, kwa kuwa nilikuwa nimetangazia ukoo mzima waje kunipokea na magari. Nikamfungia Borka chumbani na kuwasha televisheni, asisikie sanduku langu likiburutwa. Alisikia. Kilio chake kilinifuata hadi nilipofunga mlango wa teksi.

Wiki ya tatu Nakato akanitumia ujumbe: Borka amekufa, hakuonja kitu tangu uondoke.

Tangu hapo, kila jua likizama, mbwa wangu wawili hujificha chini ya ghala la mahindi. Nami huenda dirishani, maana nisipokwenda, husikia kucha zikitembea sakafuni, ndani. Borka husimama nje ya geti. Kamba yake imekaza kwenda juu, imeshikwa na mkono nisiouona. Hunitazama. Kisha shingo mbele, mguu juu, kunielekea mimi.

Wewe uliye huko Dubai sasa na tiketi mfukoni, fanya lolote, ila usitoke kabla mwingine hajasema amepokea. Kwa sababu kabla yangu, Borka nilimwona akimwinulia mguu binadamu mmoja tu, na binadamu huyo alikuwa amekwisha kuzikwa.